Nyuki Wasio na Kadi ya Maktaba

Watu wakisikia nafanya kazi maktaba hapa Mbeya husema, "Kumbe unalipwa kwa kukaa kimya!" Hawajui shughuli ya kubandika lebo migongoni mwa vitabu, kugonga mihuri, na kurudisha kwenye rafu zake vitabu vya kilimo ambavyo wanafunzi wameviacha kwenye dini. Na Jumatatu, kabla ya yote hayo, kufungua sanduku la kurudishia vitabu.

Sanduku letu ni la mbao, liko barazani, lina mwanya mwembamba na giza tele ndani. Seremala aliyelitengeneza hakujua kwamba ametengeneza mzinga.

Ilikuwa Oktoba, jua limeanza kukolea. Nilikuwa nimemaliza ndizi zangu mbivu za Tukuyu kwenye bajaji, nikafika, nikafungua kufuli. Ndani kunanguruma. Nikasema hii ni simu ya mtu, imerudishwa na kitabu, inatetema. Watu husahau kila kitu vitabuni: risiti, picha za harusi, siku moja nilikuta dagaa mkavu kwenye ukurasa wa aljebra. Nikazamisha mkono.

Nilivyotoka pale sikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba nilikimbilia ndani, na wao nyuma yangu, bila kadi wala kujiandikisha. Kidato cha nne walikuwa wamejaa humo wakijiandaa na mtihani wa Novemba. Bosi wangu, mama asiyevumilia hata mtu kupenga kamasi, akatoka ofisini na kidole mdomoni: "Shhh! Hii ni maktab..."

Mmoja akatua kwenye kile kidole.

Ukelele alioutoa yule mama nadhani ulisikika Mwanjelwa. Wanafunzi wakapita madirishani na daftari zao. Mmoja tu alibaki chini ya meza, kajifunika atlasi, na mpaka leo anadai alikuwa anasoma.

Kwenye sanduku, kitabu cha juu kabisa kilikuwa cha ufugaji nyuki, namba 638.1. Aliyekiazima tulimjua, maana hakiazimwi na mwingine: mzee mmoja wa Mbalizi mwenye mizinga yake. Bosi akampigia. Akaja jioni na bomba la moshi begani, mtulivu kabisa.

"Shikamoo babu," nilisema kwa mdomo uliovimba kama andazi.

"Marahaba mwanangu. Pole. Asubuhi ulikula nini?"

"Ndizi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Nyuki akiuma anaacha harufu ya kuwaita wenzake, na harufu yenyewe inanuka ndizi mbivu. Wewe umewapigia ngoma ya vita."

Akaanza kuwasha bomba. Bosi akaruka. "Moshi? Humu? Kwenye karatasi zote hizi?" Akanyoosha kile kidole chake kinene kwenye kibao cha kukataza sigara.

"Basi wasomee hadithi, mama, labda watatoka wenyewe."

Waliafikiana sanduku lifukiziwe uani. Giza lilipoingia, mzee akawahamishia kwenye mzinga wake taratibu, anawasemesha kama wajukuu, mimi nimemshikia tochi kutoka mbali ambako tochi haikumsaidia kitu. Ndipo akaeleza: kitabu alikuwa anakisomea palepale kwenye mizinga, kurasa zimelowa nta. Kundi likitafuta makazi hutuma wapelelezi kwanza, na wapelelezi wakisikia harufu ya nta ya zamani hudhani pamewahi kukaliwa na ndugu zao. Kwa hiyo tulikuwa tumewaandalia nyumba yenye samani.

Bosi alisikiliza yote, kisha akafungua daftari na kumtoza faini ya kuchelewesha. Mzee akalipa bila neno. Amepata kundi zima la nyuki bure, angelalamikia nini?

Wiki iliyofuata akarudi. Anataka kitabu kingine, kile chenye sura ya kutega makundi mapya. Nikamwambia kimeazimwa.

Kimeazimwa na mimi. Kiko nyumbani, chini ya godoro.