Kumganda nyota: mkabaji wa kati katika futiboli ya Australia na gharama yake

Machi 2018, katika mzunguko wa kwanza wa msimu wa AFL, ligi kuu ya futiboli ya Australia, kiungo wa Hawthorn aitwaye Tom Mitchell aliucheza mpira mara 54, yaani mara 54 aliupata na kuutoa kwa mguu au kwa mkono. Rekodi ya awali, mara 53, ilikuwa ya Greg Williams tangu 1989. Wapinzani wa Mitchell siku hiyo walikuwa Collingwood, waliofungwa kwa pointi 34, na kocha wao Nathan Buckley alilaumiwa sana kwa kutomtuma mkabaji, yaani mtu wa kumganda Mitchell kila aendapo. Miezi sita baadaye Collingwood hao hao walifika fainali. Katika nusu fainali dhidi ya Richmond, kiungo wao Steele Sidebottom alikuwa ameucheza mpira mara 41, na West Coast, waliokuwa wakiwasubiri kwenye uwanja wa MCG mjini Melbourne, walimkabidhi Mark Hutchings kazi moja tu, nayo ilikuwa Sidebottom. Sidebottom aliishia mara 14, na West Coast wakatwaa ubingwa kwa pointi 79 dhidi ya 74.

Kisa kikisimuliwa hivyo, mjadala unaonekana umekwisha kabla ya kuanza: asiyemkaba nyota huadhibiwa, anayemkaba hubeba kombe. Hata hivyo kuna mechi moja ambayo wanaosimulia kisa hiki huiruka. Mei 2017 Mitchell huyo huyo alikutana na Collingwood hao hao, akaucheza mpira mara 50, na Collingwood ndio walioshinda. Mtu mmoja, wapinzani wale wale, takwimu zinazokaribiana, matokeo mawili yanayopingana. Kwa sababu hiyo nadhani swali la kama timu imtumie mkabaji au isimtumie limewekwa vibaya tangu mwanzo, na linalofaa kuulizwa ni timu inalipa nini kwa ukabaji huo, na katika sehemu gani ya mchezo.

Msomaji aliyekulia kwenye soka ataikumbuka Kombe la Dunia la 1982, ambapo beki wa Italia Claudio Gentile alimganda Diego Maradona kama ruba mpaka Argentina wakafungwa 2 kwa 1. Mfano huo unasaidia, ila kwa kiasi. Futiboli ya Australia ina wachezaji 18 kila upande kwenye uwanja wa umbo la yai, ambao mara nyingi una urefu wa zaidi ya mita 150, tena haina sheria ya kuotea. Nyota anayefuatwa anaweza kukimbia upande wowote anaoutaka, na mkabaji hana mstari wa mabeki wenzake wa kumsaidia kumfungia njia. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya mpira hupatikana kwa kugombaniwa: mwamuzi anauweka mpira hewani, warukaji wawili wanapambana kuupiga, na viungo walio chini yao wanaugombea unapoanguka.

Mgombanio mkubwa kuliko yote ni ule wa katikati, unaofanyika mwanzoni mwa kila robo na baada ya kila goli. Tangu 2019 sheria inazitaka timu zijipange kwa namna maalumu kabla ya mgombanio huo: wachezaji sita mbele, sita nyuma, na sita kati, ambao wanne wao wanasimama ndani ya mraba wa katikati na wawili kwenye mawinga. Ukimwondoa mrukaji, unabaki na viungo watatu dhidi ya watatu ndani ya nafasi kubwa isiyo na msongamano, na hapo ndipo hoja ya wanaomtetea mkabaji ina nguvu zaidi. Mtu wangu wa tatu kwa ubora akimfuta mtu wao wa kwanza, pambano linakuwa la wawili kwa wawili, na nimewatoa sokoni bidhaa yao bora kwa bei ya bidhaa yangu ya kawaida. Kwa kuwa timu inayoutoa mpira katikati huufikisha mbele kabla mabeki hawajapata msaada, kupoteza migombanio mitatu mfululizo kunaweza kugeuza mechi ndani ya dakika tano. Kocha anayemwachia nyota uhuru katika mraba huo anahitaji sababu nzuri sana.

Lakini mchezo haubaki katikati. Mpira ukishatoka, mkabaji anakuwa mtu anayeutazama mgongo wa mpinzani wakati timu yake inahitaji macho yanayoutazama mpira. Ulinzi wa kisasa wa AFL umejengwa juu ya kulinda eneo: wachezaji wanajipanga kwa kufuata mahali mpira ulipo, na mabeki wanaosoma mchezo wanaachiwa kuzurura na kuidaka mipira ya wapinzani. Aliir Aliir wa Port Adelaide, ambaye baadhi ya wasomaji wa Kenya watapenda kujua kwamba alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, aliingia katika kikosi bora cha ligi mwaka 2021 kwa kazi ya namna hiyo, ambayo haiwezekani kwa mtu aliyefungwa kwa kamba isiyoonekana kwenye kiuno cha mpinzani mmoja. Mkabaji anayemfuata nyota popote aendapo huacha tundu katika mpangilio huo, na nyota mwenye akili huchagua mahali pa kulitoboa. Anaweza kusimama kando ya beki bora wa timu pinzani ili amletee mgeni asiyehitajika, au akahamia karibu na magoli na kumlazimisha mkabaji, aliyezoea kuvuruga katikati, kulinda goli peke yake.

Fainali ya 2019 inafaa kukumbukwa kwa sababu hiyo. Greater Western Sydney, au GWS, walikuwa na Matt de Boer, ambaye msimu ule alikuwa mkabaji aliyeogopwa kuliko wote ligini, na ambaye katika hatua ya mtoano aliwabana Marcus Bontempelli wa Western Bulldogs na kisha Lachie Neale wa Brisbane. Fainali ilipofika, Richmond waliwafunga GWS kwa tofauti ya pointi 89, na Dustin Martin, kiungo anayejua kuhamia mbele na kurudi, akafunga magoli manne na kutajwa mchezaji bora wa siku. Sisemi kwamba ukabaji ndio uliowaangusha GWS, kwa maana timu inayofungwa kwa pointi 89 imeshindwa katika mambo mengi kwa pamoja. Ninachosema ni kwamba silaha iliyolengwa kwa mtu mmoja haina jibu dhidi ya timu ambayo hatari yake inatoka pande zote.

Kuna pia gharama ya benchi, ambayo watazamaji wengi hawaioni. Mabadiliko ya wachezaji katika mechi, ambayo zamani hayakuwa na kikomo, yaliwekewa kikomo cha 120 mwaka 2014, yakapunguzwa hadi 90 mwaka 2016 na hadi 75 mwaka 2021. Nyota akienda kupumzika, mkabaji naye inabidi atoke, awe amechoka au hajachoka, la sivyo nyota atarudi akiwa na pumzi mpya na kumkuta mlinzi wake yuko benchi. Kwa hiyo ratiba ya mabadiliko ya timu moja inaandikwa na kocha wa timu nyingine, jambo ambalo kocha yeyote makini hulichukia.

Kipimo kinachotumiwa kuwasifu wakabaji nacho kinapotosha. Agosti 2023, Hawthorn, waliokuwa karibu na mkia wa ligi, walimtuma Finn Maginness kumkaba Nick Daicos wa Collingwood, kijana ambaye wakati huo alipigiwa upatu kushinda medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa msimu, inayotolewa kwa kura za waamuzi. Daicos, mzoefu wa kuucheza mpira zaidi ya mara 30, aliambulia mara tano tu, na Hawthorn wakawashinda vinara wa ligi kwa pointi 32. Baadaye iligundulika kwamba alikuwa amevunjika mfupa wa goti katika mechi hiyo, akakosa wiki kadhaa, na mwishoni mwa msimu alipata kura 28 dhidi ya 31 za mshindi, Neale. Hakuna ukabaji wa miaka ya karibuni uliosifiwa kuliko huo. Hata hivyo tarakimu ile ya tano inachanganya mambo matatu ambayo hayawezi kutenganishwa kwa urahisi, nayo ni ustadi wa Maginness, maumivu ya Daicos, na siku mbaya ya Collingwood nzima. Collingwood walijikusanya wakatwaa ubingwa msimu ule ule, ilhali Maginness, tangu hapo, amekuwa akiingia na kutoka kikosini, kwa sababu Hawthorn walipoanza kuwa timu nzuri walihitaji zaidi watu wa kuupata mpira kuliko wa kuwanyima wengine.

Kwa upande wa pili, nyota anaweza kung'ara na timu yake ikashindwa. Mwaka 2005 Chris Judd wa West Coast alitajwa mchezaji bora wa fainali ambayo Sydney waliishinda kwa pointi nne, 58 dhidi ya 54. Na mkabaji anaweza kufaulu huku timu yake ikianguka: katika fainali ya 2013 Fremantle walimpa Ryan Crowley kazi ya kumbana Sam Mitchell wa Hawthorn, naye akambana, lakini Hawthorn walishinda 77 kwa 62, na mchezaji bora wa siku akawa beki, Brian Lake. Anayehesabu mara ambazo nyota ameucheza mpira angemtangaza Crowley mshindi wa siku ile.

Kipimo ambacho ningependa kitumike ni kile ambacho mkabaji anakifanya timu yake inapoupata mpira. Nyota wengi wa kati ni wavivu wa kurudi nyuma, si kwa kukosa nidhamu, bali kwa sababu wamejengewa mchezo wa kusonga mbele na wenzao wamezoea kuwafidia. Mkabaji anayejua kumwacha nyota kwa wakati ufaao na kukimbilia nafasi iliyo wazi anamlazimisha achague kati ya kumfuata, ambako kutamchosha, na kumwacha, ambako kutaigharimu timu yake. Cameron Ling wa Geelong alikuwa mkabaji wa aina hiyo. Alishinda tuzo ya mchezaji bora wa klabu yake na kuingia katika kikosi bora cha ligi mwaka 2004, akatwaa ubingwa mara tatu, na katika fainali ya 2011, akiwa nahodha, alifunga goli la mwisho la mechi iliyokuwa ya mwisho katika maisha yake ya uchezaji. Kane Cornes wa Port Adelaide naye alifuatana na viungo wakubwa wa zama zake huku akiupata mpira kwa wingi, na aliingia katika kikosi bora mara mbili. Kuwaweka hawa kundi moja na mtu anayeingia uwanjani kushika jezi ya mwenzake kwa robo nne ni kosa, ingawa lugha ya mchezo inawapa wote jina lile lile.

Kuhusu kushika jezi, lawama za kimaadili zinastahili kusikilizwa bila kutiwa chumvi. Sheria inaruhusu kumkamata mtu mwenye mpira tu, na inaruhusu kumzuia mpinzani kwa mwili ikiwa mpira uko ndani ya mita tano. Sehemu kubwa ya ukabaji hutendeka nje ya mipaka hiyo, mbali na mpira, mahali ambapo macho ya waamuzi hayafiki. Mwaka 2010 Steven Baker wa St Kilda alifungiwa mechi tisa kwa matukio ya mechi moja dhidi ya Steve Johnson wa Geelong, ambaye mkono wake ulikuwa umeumia. Hata hivyo mchezo wenyewe umekuwa na mapenzi ya ajabu na wavurugaji: medali ya Brownlow ya 1990 ilikwenda kwa Tony Liberatore, mtu wa sentimita 163 aliyejulikana kwa kuwakamata na kuwaganda wapinzani. Wanaodai kwamba ukabaji unaua burudani wanasahau kwamba nyota akiachwa huru kabisa, mechi nayo inakosa mvutano. Kwangu dawa ni waamuzi kuadhibu kushika na kusukuma mapema, katika robo ya kwanza, na wenzake wa nyota kuitumia ruhusa ya mita tano ili kumfungulia njia, kazi ambayo timu nyingi huilalamikia zaidi kuliko zinavyoifanya.

Kwa hiyo, kama uamuzi ungekuwa wangu, ningemtuma mkabaji kwenye migombanio ya katikati na ile ya karibu na goli letu, kisha mpira ukishatoka ningemtaka arudi kwenye mpangilio wa timu na kumwacha nyota mikononi mwa mwenzake yeyote aliye karibu. Mbinu hii ya nusu ukabaji ina udhaifu wake, kwa kuwa makabidhiano hushindikana pale watu wawili wanapodhani mwenzake ndiye mwenye zamu, na nyota anahitaji sekunde mbili tu za mkanganyiko huo. Sam Mitchell, aliyegandwa na Crowley mwaka 2013, ndiye aliyekuwa kocha wa Hawthorn siku Maginness alipompunguza Daicos hadi mara tano. Huenda aliikumbuka adha ya kuchezewa hivyo alipoamua kuwapa wengine. Lakini Hawthorn ile haikuwa na cha kupoteza, na nyota waliyekutana naye alikuwa mmoja. Kocha wa timu inayowania ubingwa, akikabiliwa na viungo watatu wa kiwango kimoja na nyuma kwa pointi 15 katika robo ya tatu, ana uamuzi mgumu zaidi ambao haujadiliwi vya kutosha, nao ni lini amwite mkabaji wake na kumwambia amwache mtu wake, aende akautafute mpira.