Rangi ya bluu ikififia, usishangilie bado

Septrini na dawa za kufubaza VVU hunywewa kwa wingi Njombe, Iringa na Mbeya. Lamivudini, mojawapo ya dawa hizo za VVU, kwa sehemu kubwa hutoka kwa mkojo jinsi ilivyomezwa, na mabwawa ya majitaka yalijengwa kupambana na kinyesi na vimelea, si molekuli za dawa. Utando wa titani dioksidi, unga mweupe ambao ukiamshwa na jua huzaa majini radikali za haidroksili, chembe kali zinazovunja dawa, unastahili kujaribiwa huku, ila uwekwe baada ya bwawa la mwisho. Kwenye majitaka mabichi tope litaziba mwanga, na uchafu mwingine utazimeza radikali hizo kabla hazijaigusa dawa.

Kuutengeneza si kazi ya ajabu. Gramu 1 ya unga wa anatasi (aina ya titani dioksidi inayofanya kazi vizuri juani), mililita 100 za maji yaliyokenekwa, matone ya asidi ya nitriki hadi pH 3 ili chembe zisigandane. Mimina juu ya kioo kilichooshwa kwa sabuni na spiriti, kikauke, rudia mara tatu au nne. Choma kwa nyuzi 450 saa moja, joto likipanda nyuzi 5 kila dakika, kisha kipoee humo humo tanurini. Ukikitoa cha moto kitapasuka. Ukivuka nyuzi 700, anatasi inageuka rutili, umbo lake jingine, nalo ni goigoi. Kioo cha dirisha kina sodiamu inayopenya utandoni na kuudhoofisha, kwa hiyo heri borosilikati, kioo cha vyombo vya maabara, ingawa bei yake inauma. Mwisho bandika selotepu uibandue. Ikitoka na weupe, anza upya.

Anatasi hutumia mwanga wa chini ya nanomita 388 hivi tu, yaani kisehemu kidogo cha jua. Mbeya, kwenye mita kama 1,700, mionzi hiyo ni mikali kuliko pwani, lakini mawingu ya msimu wa mvua huipunguza. Anayekupa matokeo ya Julai pekee hajakueleza habari za Februari. Maji nayo yapite juu ya kioo kwa kina kisichozidi sentimita moja.

Kinachoniudhi ni majaribio ya methilini bluu, rangi inayotumiwa badala ya dawa kupima kama utando unafanya kazi. Rangi hiyo hunyonya mwanga yenyewe, na hufifia hata dawa ikiwa bado ipo. Weka vioo vitatu: chenye utando juani, chenye utando gizani, na kitupu juani. Anza na nusu saa ya giza kwa vyote, kwa sababu utando hunasa dawa bila kuivunja. Kisha pima dawa yenyewe kwa kromatografia, mbinu ya maabara ya kutenganisha kemikali, pamoja na kaboni ogania yote (isiyo ya hewa ya ukaa) iliyobaki majini: diklofenaki, dawa ya maumivu, ikitoweka na kaboni ikabaki palepale, imegeuka kitu kingine, na kitu hicho bado kinaelekea mtoni.