Bristol 1927: kantri ilizaliwa pale au iliandikishwa tu?

Ukikaa na wapenzi wa kantri, ule muziki wa vijijini Marekani, lazima utaisikia hii, kwamba muziki wao ulizaliwa Bristol, Marekani, mwaka 1927. Hadi bunge la Marekani mwaka 1998 lilipitisha azimio la kuutambua mji huo kama mahali kantri ilipozaliwa. Mi sibishi kwamba kilichotokea pale kilikuwa kikubwa, ila hilo neno "kuzaliwa" ndo linanikwaza.

Kwanza tuwape haki yao. Bristol ni mji ambao mpaka wa majimbo mawili unapita katikati ya barabara yake kubwa, State Street, huku Tennessee, ukivuka tu uko Virginia. Mwishoni mwa Julai 1927 Ralph Peer, mtafuta vipaji, akaja na mashine za kurekodi za kampuni ya santuri ya Victor, akatundika mablanketi ukutani kwenye jengo la zamani la kampuni ya kofia na kuanza kurekodi. Mwanzoni watu walijivuta, mpaka gazeti la pale lilipoandika kwamba msanii mmoja, Ernest Stoneman, alivuna dola 3,600 mwaka uliopita. Weee, watu wakateremka milimani na mabanjo na fidla zao! Wiki mbili hazijaisha tayari kuna nyimbo 76 za wasanii na vikundi 19, na humo ndani wamo kikundi cha familia ya Carter, Maybelle wao anapiga gita na mimba yake kubwa, halafu siku chache baadaye akaja mwimbaji Jimmie Rodgers, mtu wa reli aliyeacha kazi sababu ya kifua kikuu. Nguzo mbili za kantri, wiki moja, chumba kimoja. Hapo lazima ukubali.

Sasa shida yangu. Peer huyohuyo mwaka 1923 alimrekodi mpiga fidla Fiddlin' John Carson kule Atlanta, akaona jamaa anaimba vibaya kupindukia, ila mfanyabiashara aliyeagiza santuri 500 akaziuza zote na kutaka zingine. Redio WSM ya Nashville ilianza kipindi chake cha muziki huu mwaka 1925, na mmoja wa mastaa wake wa mwanzo alikuwa DeFord Bailey, mtu mweusi mpiga hamonika. Kwa hiyo 1927 mtoto alishaanza kutembea. Cheti cha kuzaliwa kinaandikwa siku unayompeleka mtoto ofisini, na karani anajaza anachotaka.

Na hapo kwenye kujaza ndo pana maneno. Kampuni za santuri zilikuwa na orodha mbili, moja ya kuwauzia weusi na nyingine ya wazungu wa vijijini, wakati wanamuziki wenyewe walikuwa wanachanganyika tu. A.P. Carter wa familia ile alizunguka vijijini kutafuta nyimbo pamoja na Lesley Riddle, mpiga gita mweusi, Carter anashika maneno, Riddle anashika sauti. Mwaka 1930 Rodgers akarekodi na Louis Armstrong, nyota mweusi wa jazi, kwenye tarumbeta, na jina la Armstrong halikuwekwa kwenye lebo. Kuna watakaosema Peer alikuwa mfanyabiashara, duka lilitaka mafungu, na bila yeye hizi sauti zingekufa na wenyewe. Kweli kabisa, na alilipa mirabaha, kitu ambacho wengi enzi hizo hawakulipa. Lakini mafungu yale yalibaki hata baada ya duka kufungwa, ndo maana mwaka 2024 Beyoncé alipokuwa mwanamke mweusi wa kwanza kukaa juu ya chati ya nyimbo za kantri ya jarida la Billboard watu wakauliza anatafuta nini huko, kama vile kaingia nyumba ya watu bila hodi.

Ila kuna kitu kimoja kinanirudisha upande wa Bristol. Mwaka 1950, miaka 17 baada ya Rodgers kufa, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alikuwa anarekodi nyimbo za Wakipsigis nchini Kenya, akakuta wasichana wanaimba kuhusu kiumbe anaitwa Chemirocha, nusu mtu nusu paa. Ni Jimmie Rodgers huyo, jina limegeuzwa kwa ulimi wa pale. Santuri ilifika bila orodha yoyote ya dukani, pengine hakuna aliyewaambia ni mzungu au ni nani, wakasikia ile sauti inavyopandishwa na kuvunjwa na gita lake, wakaamua wenyewe ni mnyama wa aina gani.