Snapshoti za ZFS: kinga ya kosa la mkono, si ya diski kufa

Wapo wasimamizi wa seva ambao wakishapanga snapshoti za kila saa (picha za data jinsi ilivyokuwa wakati huo), huacha kufanya bekapu. Hoja yao si dhaifu. ZFS, mfumo wa kuhifadhi faili kwenye diski uliotolewa na Sun Microsystems mwaka 2005, haiandiki data mpya juu ya ile ya zamani. Huiandika kwenye bloku nyingine, yaani kipande kingine cha diski. Ndiyo maana `zfs snapshot tank/ofisi@jumatatu` humalizika papo hapo hata penye terabaiti 10, na mwanzoni haili nafasi yoyote ya maana. Faili la mishahara likifutwa kwa bahati mbaya, lipo ndani ya `/tank/ofisi/.zfs/snapshot/jumatatu/`. Linakili tu kutoka humo. Usikimbilie `zfs rollback`: hiyo hurudisha nyuma kazi za watu wote, na ukiiongezea `-r` hufuta kila snapshoti iliyofuata.

Kufuatilia mabadiliko nako ni rahisi. `zfs diff tank/ofisi@jumatatu tank/ofisi@jumanne` huonyesha M kwa faili lililoguswa, + kwa jipya, - kwa lililofutwa, R kwa lililobadilishwa jina. Nani kaligusa, haisemi. Na faili lililoundwa kisha likafutwa katikati ya snapshoti mbili halimo popote.

Panapowachanganya watu zaidi ni nafasi. Umefuta video ya GB 40, diski bado imejaa, na safu ya USED inaonyesha karibu sifuri kwa kila snapshoti. Sababu ni kwamba USED huhesabu bloku zinazoshikwa na snapshoti hiyo peke yake. Video ikiwa imeshikwa na mbili, haihesabiwi kwa yeyote. Angalia USEDSNAP, jumla ya nafasi inayoshikwa na snapshoti zote, katika `zfs list -o space`, kisha jaribu `zfs destroy -nv tank/ofisi@jumatatu%jumanne`: hiyo `-n` haifuti kitu, inakuambia tu utapata kiasi gani.

Hata hivyo snapshoti hukaa kwenye diski zilezile. RAIDZ1, mpangilio wa ZFS wa kuunganisha diski kadhaa, huvumilia diski moja kufa. Ya pili ikifuata kabla hujamaliza kubadilisha ya kwanza, data na snapshoti huondoka pamoja. Mvamizi aliyepata root, yaani mamlaka yote ya seva, naye huzifuta kwa amri moja.

Kwa hiyo snapshoti zichukuliwe, lakini zihamishwe kila usiku:

`zfs send -i @jumatatu tank/ofisi@jumanne | ssh seva2 zfs receive hifadhi/ofisi`

Hiyo `-i` hutuma tu yaliyobadilika tangu @jumatatu, kwa hiyo seva zote mbili lazima ziwe nayo. Kosa la kawaida hapa ni skripti ya usafi kufuta @jumatatu kabla @jumanne haijafika. Seva mbili zikikosa snapshoti ya pamoja, itabidi utume terabaiti zote 10 upya. Ifunge kwa `zfs hold bekapu tank/ofisi@jumatatu`, uifungue kwa `zfs release` baada ya kuiona @jumanne upande wa pili.