Mtoto wa piano anapoingizwa darasa la wengi

Mama mmoja wa hapa Kampala aliniuliza, "Mwalimu, binti yangu amekosa nini mpaka unamchanganya na wenzake?" Binti ana miaka minane. Alikuwa amesoma piano nami peke yake kwa mwaka mzima, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuwakusanya wanafunzi wangu wadogo wanne wanne, mara moja kwa wiki. Mama alidhani mtoto ameshushwa. Sikumlaumu, maana wengi wetu tunaamini somo la mtu mmoja ndilo somo lenyewe, na la kikundi ni la wasio na pesa.

Historia ya piano haisemi hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 19, Johann Bernhard Logier alikuwa akifundisha watoto wengi kwa pamoja mjini Dublin, na katika mbinu ya Suzuki, ya Kijapani ya kufundisha watoto muziki, hadi leo, somo la mtu mmoja huenda pamoja na la kikundi. Lakini kwetu Uganda hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Amadinda, marimba ya mbao ya Baganda, ina vibao 12 na hupigwa na watu watatu. Wawili huketi wakitazamana, mapigo ya mmoja yakiingia katikati ya mapigo ya mwenzake, na wa tatu hushika vibao viwili vidogo vya mwisho. Msikilize mmoja wao peke yake, hutaupata wimbo. Wimbo uko katikati yao. Marehemu Evaristo Muyinda, aliyekuwa mwanamuziki wa Kabaka, mfalme wa Buganda, aliufundisha ufundi huo hata pale Jumba la Makumbusho la Uganda, na hakuna njia ya kuupokea ukiwa umejifungia chumbani.

Binti yule alikuwa na kibwagizo kimoja alichokipiga vizuri sana nyumbani. Siku ya kwanza ya kikundi nilimpa kibwagizo hichohicho apige mkono wa kulia tu, mwenzake apige wa kushoto, na wawili waliobaki wapige makofi kuhesabu. Alipofika kipimo cha tatu akakosea noti moja. Akasimama, akarudi mwanzo. Wenzake wakaendelea. Alinitazama kana kwamba wamemfanyia ubaya. Kumbe mwaka mzima nilikuwa namfundisha kusimama! Kila alipokosea nilimwambia, "Rudia," naye akarudia, na muziki ukamsubiri. Hakuwahi kukutana na muziki usiosubiri. Kosa hilo lilikuwa langu, na ndani ya somo la watu wawili nisingeliona kamwe, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nikisimama pamoja naye.

Hiyo ndiyo hoja yenye uzito zaidi upande wa kikundi, kuliko ile ya gharama inayotajwa kila mara. Mtoto hujifunza kushika mapigo huku mwingine anapiga kitu tofauti, na kukosea bila kuangusha wimbo. Pia humsikia mwenzake wa rika lake akihangaika na sehemu ileile iliyomliza jana usiku. Hilo la mwisho mwalimu mtu mzima hawezi kumpa, hata awe mpole vipi.

Sasa upande wa pili, ambao nao ni wa kweli. Katika kikundi hichohicho nilikuwa na mvulana mchangamfu, mwenye sikio kali. Ilinichukua karibu muhula mzima kugundua kwamba hasomi noti. Alikuwa akitazama mkono wa jirani yake na kuukamata wimbo kwa sikio, upesi kuliko wenye kusoma. Viungo vya mwisho vya vidole vyake vilikuwa vinalala kila anapobonyeza, mabega yamepanda, nami sikuona kwa sababu kazi yake ilisikika nzuri na macho yangu yalikuwa kwa aliyekuwa analia. Mkono uliozoea vibaya ukiwa na miaka saba haurudi kirahisi ukiwa na kumi. Somo la peke yake lingemkamata wiki ya pili.

Kisha kuna mitihani. Wazazi wengi Kampala wanataka vyeti vya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, na katika mitihani hiyo ya piano mtoto huingia chumbani peke yake. Wanauliza, kwa nini ajiandae na watu watatu kwa jambo atakalolifanya mmoja? Swali ni halali, ila jibu limegawanyika. Skeli, yaani ngazi za noti, na kusoma noti papo kwa papo vinahitaji saa za upweke, sibishi. Lakini jaribio la sikio la Gredi 1 linamtaka mtoto apige makofi akifuata mapigo, na aimbe akiitikia alichosikia. Hayo ni mambo ya kikundi kabisa. Watoto wanaoimba kwaya kanisani kwa do-re-mi huyafanya bila woga. Aliyefundishwa peke yake mara nyingi hukataa hata kufungua mdomo.

Umeme ukikatika, vinanda vyetu vinne vya umeme vinanyamaza kwa wakati mmoja. Siku hizo tunaimba na kupiga mapigo mezani, na hazijawahi kuwa siku za hasara.

Msimamo wangu kwa sasa ni huu: simwingizi mtoto kwenye kikundi kabla mkono wake haujakaa sawa, na nikishamwingiza simwondolei somo lake la peke yake. Nalifupisha hadi dakika 20 za mkono, mkao na kusoma, kisha saa nzima na wenzake. Siwakusanyi zaidi ya wanne, maana wa tano simwoni vidole. Mzazi anayeweza kulipia kimoja tu, na ni wengi, namwambia aanze na la peke yake kwa mihula miwili, kisha ahamie kikundini, na mtoto akae kiti cha karibu nami. Ningependa kumpa vyote viwili. Kwa hiyo likizo ya Mei nawakusanya wote bure kwa wiki moja, waliolipia na wasiolipia, na binti yule wa miaka minane ndiye anayewahesabia makofi.