Mwenzi wako yuko kituoni: ukae mbali naye au karibu?

Siku mnywaji anapokubali kuingia kituo cha kurekebisha tabia, jamaa humpa mwenzi wake pole na hongera kwa mpigo, kisha hutawanyika. Anayebaki nyumbani hujishangaa. Alidhani atapumua, kumbe kifua kinabana zaidi. Simu ikilia anashtuka, na isipolia anashtuka vilevile. Kwa miaka, wasiwasi wake ulikuwa na kazi ya kufanya: kusubiri mlango ugongwe, kunusa pumzi, kuficha pochi, kumpigia bosi na kusema mtu ana malaria. Sasa kazi hiyo imeondoka, ila mwili haujaarifiwa.

Ushauri anaoupata hapo ni wa namna mbili, nao unapingana.

Wa kwanza unasema: jitoe. Yeye ana watu wa kumwangalia, wewe jiangalie. Huu una mizizi katika Al-Anon, vikundi vya familia za wanywaji vilivyoanza Marekani mwaka 1951 chini ya Lois Wilson, ambaye mumewe, Bill Wilson, alikuwa mmoja wa waanzilishi wawili wa AA, vikundi vya wanywaji wanaosaidiana kuacha pombe, mwaka 1935. Mafunzo yao hukaa katika mambo matatu kuhusu ulevi wa mwenzako: hukuusababisha, huwezi kuudhibiti, huwezi kuuponya. Kwa mke anayeambiwa na mawifi kwamba mume anakunywa kwa sababu nyumba haina amani, maneno hayo ni dawa hasa.

Wa pili unasema: shiriki. Mtu haponi kituoni, anapona nyumbani, na aliye nyumbani ni sehemu ya matibabu. Nyuma ya ushauri huu kuna njia mbili zilizofanyiwa utafiti wa miaka mingi: CRAFT, iliyoendelezwa na Robert Meyers, inayofunza familia jinsi ya kumvuta mnywaji kwenye matibabu bila ugomvi, na tiba ya pamoja ya wanandoa.

Wanaoshabikia upande wa pili hupenda kutaja jaribio la Miller na Meyers lililochapishwa mwaka 1999. Wanafamilia 130 wa wanywaji waliokataa matibabu waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la CRAFT liliwaingiza wanywaji wao kwenye matibabu kwa asilimia 64. Kundi lililofunzwa kumkalisha mnywaji kikao na kumkabili lilifikia asilimia 30, na lililoelekezwa Al-Anon asilimia 13. Kwa hesabu hiyo mjadala ungekuwa umekwisha. Lakini jaribio lilihusu wanaokataa kwenda, na wako tayari ameenda. Tena kuna matokeo ambayo wengi huyaruka: hali ya wanafamilia wenyewe ilipata nafuu karibu sawa katika makundi yote matatu. Waliofanikiwa kumpeleka mtu wao na walioshindwa, wote walipumua. Kwa anayehangaika nyumbani, hili ndilo la kushika. Nafuu yako haifungwi kwenye maendeleo ya mgonjwa, nayo inaweza kuanza leo, kabla hujapata habari yoyote kutoka kituoni.

Tunaloliona sisi ni kwamba pande zote mbili zina haki, ila kila moja kwa wakati wake. Wanaoumia ni wanaogeuza mpangilio: wanang'ang'ania karibu siku za mwanzo, kisha wanajitenga akirudi.

Siku nne au tano za kwanza ni za tiba, na huko mwenzi hana kazi. Kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho. Kifafa, kwa wanaokipata, huja kati ya saa 6 na 48. Kuweweseka kwa kuona visivyokuwepo, homa na moyo kwenda mbio hujitokeza zaidi kati ya saa 48 na 96, na hali hiyo inaweza kuua. Hospitali huzuia haya kwa dawa za jamii ya dayazepamu zinazopunguzwa siku baada ya siku, pamoja na vitamini B1, yaani thayamini, ambayo hutolewa kabla ya dripu ya sukari ili ubongo usidhurike. Kwa hiyo kuambiwa "usipige simu wiki hii" si ukatili, mradi kuna mtu wa afya zamu ya usiku.

Sharti hilo la mtu wa afya usiku ndilo la kuhakikisha. Kabla hujaacha mizigo getini, uliza nani anatoa dawa saa nane za usiku, ni dawa gani, na mgonjwa akishikwa na kifafa anapelekwa hospitali ipi kwa gari la nani. Ukijibiwa kwamba hapa tunamkatia ghafla na kumwombea, geuza gari. Mtu anayekunywa asubuhi ili mikono itulie, kile wanywaji wa Kenya wanachokiita kutoa loki, au aliyewahi kupata kifafa alipokosa pombe, aanzie hospitalini, kisha kituo kifuate. Kenya leseni za vituo hutolewa na NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, na simu yao ya bure ni 1192. Tanzania tahadhari ni ya aina nyingine. Nyumba nyingi za upataji nafuu, hasa Zanzibar, zilijengwa kwa ajili ya watumiaji wa heroini na huendeshwa na waliowahi kutumia. Wanaijua arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea, kuliko daktari yeyote, lakini arosto ya heroini hutesa sana na huua kwa nadra. Kukatika kwa pombe ndiko kunakoua, na uzoefu wa mmoja si uzoefu wa mwingine.

Baada ya hapo ndipo hoja ya "kaa mbali" inapoanza kuchuja. Programu ya kawaida Kenya ni siku 90. Kituo kinachofunga mawasiliano wiki moja au mbili kina sababu: mgonjwa hana usingizi, ana hasira, na kila simu ya nyumbani humpa kisingizio cha kuondoka. Kinachotaka miezi mitatu ya ukimya mtupu hakina sababu ya tiba tunayoijua. Dai siku na saa maalumu ya simu ya mnasihi, hata ya dakika 10 kwa wiki, na ujue kikao cha familia kitaanza wiki ya ngapi. Wasiwasi hulishwa zaidi na habari isiyojulikana itakuja lini kuliko na habari mbaya. Ukijua ni Alhamisi saa tisa, Jumatatu unaweza kufua nguo kwa utulivu.

Kisha itakuja simu ya "nitoe hapa", ambayo ni nadra kukosa, hasa wiki mbili za mwanzo mgonjwa akiruhusiwa simu. Atasema amepona, chakula kibovu, wenzake ni wahuni, pesa zinaliwa bure. Upande wa kujitoa utakwambia usisikilize, na upande wa kushiriki utakwambia usimtupe. Sikiliza, lakini usikate shauri kwenye simu: "Nimekusikia. Jumamosi tutalizungumza mbele ya mnasihi." Sentensi hiyo inatosha, irudie bila kuongeza. Hata hivyo kuna malalamiko yasiyongoja Jumamosi. Akitaja kupigwa, kufungwa minyororo, kunyimwa dawa zake za presha au sukari, au kuzuiwa kuonana na daktari, nenda siku hiyohiyo na udai kumwona kwa macho. Walalamishi wengi wanataka pombe tu, lakini vituo vinavyopiga watu vipo, na ndugu zao ndio waliokuwa wameonywa wasisikilize.

Sehemu kubwa ya wasiwasi wenyewe ni hesabu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, ndani ya miezi 12. Toa 14 kwenye 90 uone pengo. Mikataba mingi hutoa zaidi, kwa hiyo soma wa mwenzako kabla ya kuandika barua kazini, na barua iambatane na cheti cha daktari aliyesajiliwa; cha mnasihi peke yake hakitoshi. Usiendelee na hadithi ya malaria: sheria hiyohiyo inaruhusu mwajiri kumfuta papo hapo aliyelewa saa za kazi, hivyo faili linaloonyesha matibabu linafaa kuliko faili la uongo. Tanzania ni afadhali, kwani sheria ya 2004 inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Kuhusu bima, Kenya ulizia kwa maandishi kama kituo kina mkataba na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kama hakina, malipo yaende kwa mwezi, si kwa mkupuo.

Madeni nayo hufumuka yeye akiwa ndani. Mwenye baa, chama, mikopo ya simu, shemeji. Yaandike yote kwenye karatasi moja: jina, kiasi, tarehe. Mwezi wa kwanza lipa kodi, karo na chakula tu. Ukikimbilia kufuta deni la baa kwa aibu, umemrudishia nafasi ya kukopa palepale siku atakapotoka.

Sasa wewe. Kuna kipimo kiitwacho GAD-7, kilichotoka mwaka 2006, chenye maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Kliniki nyingi wanacho. Ukipata 10 au zaidi, wewe ni mgonjwa wa kuonwa na mhudumu wa afya, na haidhuru mwenzako anaendeleaje. Rudia kila wiki mbili, maana hisia hudanganya lakini namba huonyesha mwelekeo. Kwa kila siku, tenga dakika 20, tuseme saa 11 jioni, za kuhangaika rasmi ukiwa na kalamu: upande mmoja yaliyo mikononi mwako wiki hii, upande mwingine yasiyo yako. Wazo likija saa nane usiku, liambie lingoje saa 11. Linaonekana jambo la kitoto, na siku nne za kwanza halifanyi kazi, ndiyo maana wengi huliacha siku ya tatu. Usitafute usingizi kwa piritoni, ambayo mwili huizoea upesi, na usiguse kabisa dayazepamu iliyoandikiwa mgonjwa. Nyumba yenye uraibu mmoja haihitaji wa pili.

Akirudi ndipo ukaribu unapokuwa na thamani, na ndipo unapoharibika. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya, NIDA, hutaja kwamba kati ya asilimia 40 na 60 ya wanaotibiwa uraibu hurudia, kiwango kisichozidi cha wagonjwa wa presha au pumu wanaoacha masharti. Aliyeambiwa haya mapema huandaa mpango, na asiyeambiwa huandaa doria. Doria ni kunusa, kupekua gari na kupiga simu saa kwa saa. Humchosha anayelinda na humfunza anayelindwa kujificha vizuri zaidi.

Tiba ya wanandoa ina kitu badala yake, na hapa tunaegemea upande wa kushiriki waziwazi. Kila siku saa ileile, kwa dakika mbili au tatu, anayeacha anasema leo hajanywa na kesho anakusudia kutokunywa. Mwenzake anamshukuru. Kalenda inawekwa alama. Hakuna anayegusa ya jana wala ya mwaka ujao, kwani hayo yana siku yake mbele ya mnasihi. Zoezi huvunjika pale shukrani inapogeuka swali: "Una hakika?" Ukishindwa kulizuia swali hilo, sitisha zoezi mpaka kikao kijacho.

Penye dawa, ziingizwe hapohapo. Naltreksoni, miligramu 50 kwa siku, hupunguza raha na hamu ya pombe. Iliingia orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 pamoja na akamprosati. Disalfiramu ni kitu kingine kabisa: humtapisha na kumshusha presha anayekunywa juu yake. Haianzi kabla hazijapita saa 12 bila pombe, ini hupimwa kwanza, na athari yake inaweza kubaki hadi siku 14 baada ya kidonge cha mwisho. Hata dawa ya kikohozi yenye alkoholi inaweza kuiamsha. Wako wanaoisaga na kuitia kwenye uji kwa siri, wakidhani wanasaidia. Hiyo ni sumu kwa mtu asiyejua ameshika nini, na imani iliyobaki hufia hapo.

Yote tuliyosema kuhusu ukaribu yana sharti moja. Kama kulikuwa na kupigwa au kutishiwa maisha, zoezi la kila siku, kalenda na kikao cha pamoja havifai, kwa sababu vinamtaka aliyeogopa amfanyie kazi anayemwogopesha. Pombe huzidisha vurugu, lakini kuiacha hakuzifuti zote. Mwambie mnasihi faraghani, si kwenye kikao cha familia, angalau wiki mbili kabla ya kutoka, ili mipango ya pa kufikia ifanywe kwingine: kwa kaka, kwa wazazi, au chumba cha kupanga karibu na kituo. Kenya simu ya bure ya ukatili wa kijinsia ni 1195. Tarehe ya kutoka iandikwe, nawe uijue kabla yake yeye kuijua.