Umeingia uinjinia bila kuchagua fani? Angalia kalenda kwanza

Kila msimu wa admisheni za vyuo vya Marekani ukifika lazima nikutane na swali hili hili, mtu kapata nafasi ya uinjinia ila hajachagua fani, anaogopa kwamba huko mbele akiomba masters au PhD watamwona kama mtu asiyejua anachotaka. Mimi jibu langu ni kwamba hawatajali. Transkripti yangu mwenyewe, yaani ile karatasi ya matokeo ya chuo, semesta mbili za kwanza imeandikwa uinjinia wa jumla, na nilipokuwa naomba masters hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza kuhusu hilo. Nilichoulizwa ni kitu kingine kabisa, profesa kwenye video kol alikuwa na transkripti yangu mbele yake, akashuka nayo mpaka mwaka wa pili, akanyamaza kidogo, akasema hapa kwenye dainamiki (somo la vitu vinavyotembea na nguvu zinazovisukuma) ulipata C, ilikuwaje? Jasho lilinitoka jamani.

Na ukifikiria vizuri wangemkataaje mtu kwa hilo wakati kuna vyuo vikubwa ambako kila mtu anaanza hivyo? MIT mwaka wa kwanza hakuna mwenye fani, wote wanachagua mwishoni mwa mwaka, tena semesta ya kwanza hata gredi za herufi haziingii kwenye transkripti. Purdue nako injinia wote wanapitia programu moja ya mwaka wa kwanza ndo wanagawanyika. Kamati inayochagua wanafunzi wa PhD inaangalia digrii uliyomaliza nayo, masomo uliyosoma, utafiti uliofanya na waliokuandikia barua za kukupendekeza.

Ila sasa msije mkalala. Kuna sehemu hii kitu inauma, na inauma wale ambao hawakusoma masharti ya chuo chao. Vyuo vingine "bila fani" maana yake ni kwamba nafasi ya fani unayoitaka bado hujaipata, unaigombania. Texas A&M ni mfano mzuri, mwaka wa kwanza wote uinjinia wa jumla halafu unaomba kuingia fani, na GPA (wastani wa gredi zako, juu kabisa ni 4.0) ya kukupa chaguo lako la kwanza moja kwa moja ilikuwa 3.5 wakaja kuipandisha mpaka 3.75. Hebu fikiria mtu mwenye ndoto ya kufanya PhD ya kompyuta, kalkulasi ya pili imemkalia vibaya, anajikuta kasukumwa kwenye chaguo lake la tatu. Huyo kaathirika kweli, na ni kwa sababu ya gredi za ile miezi tisa ya kwanza ambayo wengi tunaichukulia kama ya kuzoea mazingira.

Halafu kuna kalenda, na hapa ndo naona watu wengi wanapigwa bila kujua. Maombi mengi ya PhD yanafungwa mwezi wa 12 ukiwa mwaka wa nne, kwa hiyo digrii inaitwa ya miaka minne lakini kamati inaona mitatu na kidogo. Sasa toa ule mwaka wa kwanza ambao hukuwa na idara. Unabaki na miaka miwili na ushee ya kupata maprofesa watatu wanaokujua vizuri kiasi cha kukuandikia barua, na barua ya kusema tu "huyu alipata A darasani kwangu" haina uzito wowote, wanazisoma za hivyo kwa mamia. Mwenzako aliyeingia na fani yake tangu siku ya kwanza huenda semesta ya pili tu alishaanza kuingia maabara.

Masomo nayo yanafuatana kama mabehewa, dainamiki inataka statiki (somo la nguvu kwenye vitu vilivyotulia), statiki inataka fizikia na kalkulasi, na kuna idara somo linafundishwa mara moja tu kwa mwaka, ukilikosa unasubiri mwaka mzima. Kwa hiyo kama unasitasita kati ya mekanika na kemikali, chukua yale masomo ambayo fani zote mbili zinayataka, na edvaiza wako, yule mshauri wa masomo, umsumbue mapema, ndo kazi yake.

Cha zaidi, hakuna sheria inayosema lazima uwe na fani ndo ubishe hodi kwa profesa. Kuna zile programu za utafiti za kiangazi kwa wanafunzi wa digrii ya kwanza, zinaitwa REU, zinafadhiliwa na NSF, shirika la serikali ya Marekani la sayansi, zinalipa kabisa, ingawa kama si raia au mkazi wa kudumu wa Marekani nyingi hazitakuchukua. Hapo inabidi utembee kwenye maabara za chuoni kwako mwenyewe.

Jamaa yangu mmoja tulianza naye, wote hatuna fani, yeye mwezi wa tatu tu alikuwa anaosha vyupa kwenye maabara ya kusafisha maji, tulimcheka sana. Baadaye akachagua mekanika, maji na mekanika wapi na wapi, lakini profesa yule yule wa maji ndo aliyemwandikia barua ya kwanza ya PhD, kama miaka mitatu ya kumwona kila wiki. Mimi barua yangu ya tatu niliiomba kwa mwalimu ambaye ilibidi kwanza nimkumbushe nilikuwa nakaa safu gani.